Mgono wa Kwanza ni wa Zablon

Sharif hupiga simu kabla sijanawa uso. Si mume wangu wala si ndugu yangu. Ni mwenye duka la mabati na misumari Migori mjini, mtu wa Lamu, lakini masika yakianza hakuna mwanamke anayetafutwa naye asubuhi kuliko mimi.

"Mama Robi, salama? Maji vipi?"

Nami humjibu nikiwa bado natafuta ndara zangu: mekundu, au yamepanda, au wamefungua geti, usije. Nyumba yetu iko chini ya bwawa, karibu kiasi kwamba king'ora cha geti kikilia kuku wanaingia jikoni. Kwa hiyo mimi ndiye redio ya mto Kuja, na sijawahi kuomba kazi hiyo.

Zamani Sharif alifanya biashara Nyeri. Huko akafundishwa kuvua samaki wa maji baridi wanaoitwa trauti, kwa ufito mrefu mwembamba na ndoano iliyofungwa manyoya ya jogoo ili ifanane na nzi. Trauti, anasema, huruka juu kumdaka nzi huyo. Ningu, samaki wa mto wetu, hamrukii mtu. Ana mdomo uliotazama chini kama wa mtu aliyenuna, na chakula chake ni utelezi wa kijani kwenye mawe. Tumemweleza Sharif hayo kila mwaka, na kila mwaka anakuja na manyoya mapya, anasimama kwenye maji mpaka magotini, anarudi mjini na visamaki viwili na shingo iliyoungua jua. Watoto wangu wanamwita Jogoo. Anajua, na anacheka.

Mwaka huu sikuwa na nguvu ya kumtania. Mama mkwe wangu alikuwa ameacha kula.

Anaitwa Nyar Karungu, binti wa Karungu, maana hapa mwanamke huitwa kwa alikotoka hata akiwa na wajukuu wenye ndevu. Hakuwa na ugonjwa. Daktari wa zahanati alimpima akasema ni umri tu, kana kwamba umri ni kitu kidogo. Nilipika uji wa wimbi, nikapika wa mtama, nikatia maziwa, nikaponda ndizi. Yeye alikuwa akilisukuma bakuli kwa kidole kimoja, polepole, ili nisikasirike. Nilikasirika. Kumgeuza, kumwosha, kufua shuka, kukimbia shambani, kurudi kumgeuza tena. Nilichoka mpaka nikawa namwita mtoto mmoja kwa jina la mwingine, na wao wakaitika tu kunihurumia.

Basi mvua za kwanza zilipopiga milima ya Kisii na mto ukateremka mwekundu, akaniita kwenye kitanda chake.

"Hiyo sauti ni maji mapya?"

"Ndiyo, mama."

"Nataka ningu. Wa uzio wetu. Nikimpata huyo, nitakula na vingine."

Nilitoka pale nikiwa na furaha ya kijinga kabisa. Mtu aliyekataa kila kitu sasa anataka kitu, na kitu chenyewe kinaogelea chini ya shamba langu! Masika ndiyo majira yao. Ningu hutoka ziwani huko upande wa Karungu, hupanda mto kwenda kutaga, hugonga ukuta wa bwawa na kukwama hapo hapo, wakizunguka kwenye mawe yetu. Haidumu. Ni siku chache za maji mazuri, kisha wanarudi ziwani na mto unabaki wa kufulia nguo.

Mume wangu Chrispine alikuwa ameshaukarabati uzio, ule tunaouita kek: fito na matete kutoka ukingoni mpaka kwenye jiwe kubwa, na katikati mapengo ya kuweka migono, mitego yetu ya kusuka. Migono yenyewe ilikuwa tayari, imesukwa, imening'inia kwenye mwembe nyuma ya jiko. Kilichokosekana ni Zablon.

Zablon ni kaka yake Chrispine, kifungua mimba wa nyumba hii. Anaishi Kosele, ananunua mahindi na kuyauza. Na kwa Wajaluo mambo yana mpangilio. Mdogo hapandi mbegu kabla ya mkubwa, havuni kabla ya mkubwa, haonji kabla ya mkubwa. Katika boma letu sheria hiyo iliteremka mpaka mtoni. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alisema mgono wa kwanza wa masika utawekwa na mwanawe mkubwa, na aliyeuweka ndiye atakayeuinua asubuhi yake kwa mkono wake. Hakuna kumtuma mtu. Baada ya hapo wengine mnaweza kuvua mpaka mchoke. Anayevunja utaratibu huo hujiletea chira, ule ugonjwa wa kukonda ambao dawa za hospitali haziufuati. Mimi ni binti wa Ryoba, Mkuria. Kwetu wenye utaratibu ni ng'ombe, samaki hatukuwapa sheria. Lakini ukiolewa unaolewa na mto pia.

Chrispine akampigia simu kaka yake, akaweka spika ili na mimi nisikie.

"Omera, kaka, maji imekuja. Mathe anataka ningu."

"Hiyo ni habari poa kabisa," Zablon akasema. Nyuma yake watu walikuwa wakipakia magunia. "Kesho mapema niko hapo."

Kesho yake mto ulikuwa mwekundu wenye povu, unafika alama ya pili kwenye jiwe kubwa. Hali nzuri kuliko hiyo hakuna. Majirani waliinua migono inayotikisika. Zablon hakuja. Siku iliyofuata maji yakapungua kidogo, rangi ya chai ya maziwa, na harufu ya ningu wa kuchemsha ikapita kwenye ua wetu kutoka kila upande. Zablon akasema lori limeharibika. Halafu kukawa na mkutano wa matanga. Halafu mnunuzi kutoka Homa Bay. Ahadi ni deni, nikamwambia Chrispine, na kaka yako anakopa kila siku. Chrispine hakucheka.

Kila asubuhi mama alikuwa akiniuliza swali moja kwa Kijaluo, kabla hata sijafungua dirisha.

"Zablon osechopo?" Amefika?

"Bado, mama."

Alikuwa akigeuza uso kuelekea mlangoni. Kitanda chake kinatazama ua, na kule mwisho wa ua, karibu na lango, ndipo ilipo nyumba ya Zablon, na kufuli lake lililoota kutu. Nilidhani anatazama mto. Huwezi kuuona mto kutoka pale, lakini sikufikiri sana. Mtu aliyechoka hafikiri, anasogeza tu kitu kinachofuata.

Wangwe, askari wa geti la bwawa, alipita nyumbani kuomba maji ya kunywa. Akatuambia kwamba tope limejaa nyuma ya ukuta na Ijumaa watafungua geti la chini kulisukuma.

"Mtaona maji meusi, mama," akasema. "Mtoe hiyo uzio yenu ama iende mpaka Muhuru, ziwani. Na wakishafunga, samaki hapa basi. Itabaki mawe."

Usiku ule nilimkabili mume wangu tukiwa tunavua viatu.

"Weka wewe. Mgono mmoja. Mama anakwisha, Chrispine."

"Hiyo kitu siwezi."

"Zablon haji."

"Atakuja."

"Samaki hawamngoji Zablon! Wana mambo yao."

"Helen." Akaniangalia, na nikaona kwamba hakuwa mkaidi, alikuwa na hofu. "Unataka niingize chira kwa hii nyumba, halafu Robi akianza kukonda uniulize? Na unadhani mathe mwenyewe atakula? Kitu ya kwanza atauliza ni nani aliweka."

Hapo alisema kweli, na nikatupa kiatu changu chini ya kitanda kwa hasira. Hakuna kitu kinachouma kama mtu unayemgombeza kuwa na haki.

Ijumaa king'ora kikalia, kuku wakaingia jikoni, na mto ukageuka kuwa uji mweusi wenye magogo. Chrispine alikuwa ameokoa fito alizoweza. Zilizobaki zilikwenda. Siku nzima mto ulinguruma, na mama alilala macho wazi akiusikiliza. Alfajiri ya Jumamosi king'ora kikalia tena, geti likafungwa, na maji yakashuka kwa haraka ile ambayo sijaizoea mpaka leo, kama mtu anayevuta shuka kitandani. Mawe yakatokea yamelowa. Kati ya mawe kukabaki madimbwi.

"Mama Robi, maji vipi?"

"Yameshuka, yametulia. Kama hutaki samaki, leo ndiyo siku yako."

Alikuja na ufito wake, kofia yake na kisanduku cha manyoya. Nilikuwa nimeteremka na beseni la shuka, kwa hiyo niliona yote. Sharif alirusha uzi wake juu ya dimbwi refu chini ya jiwe kubwa, taratibu, akirudia na kurudia, akimwacha nzi ateleze juu ya maji. Ni kitu kizuri kutazama, sitamnyima hilo. Nilisahau mgongo wangu kwa muda. Kisha uzi ukazama, ufito ukapinda, na Sharif akaanza kupiga kelele za Kilamu ambazo sikuelewa hata moja.

Alikuwa ningu. Mnene, mgongo wa kijivu, tumbo limejaa mayai. Hakuwa amemeza nzi, la hasha. Ndoano ilikuwa imemnasa kwenye pezi la mgongoni alipokuwa akilamba jiwe lake na kufikiria mambo yake.

"Umemshika kwa koti," nikamwambia.

"Kashikwa ni kashikwa, Mama Robi!" Alikuwa akirukaruka kama mtoto. "Wallahi leo duka nafunga!"

Nilimtazama yule samaki akipiga mkia kwenye majani, na akili yangu, ambayo nilidhani imeshalala wiki nzima, ikaamka. Hakukuwa na mgono hapa. Hakukuwa na uzio, uzio ulikuwa njiani kwenda Muhuru. Hakuna mdogo aliyemtangulia mkubwa. Kulikuwa na unyoya wa jogoo na mtu wa Lamu, na baba mkwe hakuwahi kutunga sheria juu ya watu wa Lamu.

"Sharif, nipe huyo samaki. Ni wa mama."

Hakuuliza. Tangu mwaka ule wa kwanza alipoteleza akapasuka paji la uso, na mama akamfunga kwa kitambaa chake cha kichwa, hajawahi kupita bila kumsalimu. Alimtoa ndoano polepole akaniwekea kwenye beseni, juu ya shuka safi, na sikumlaumu hata kidogo.

Chrispine alimzunguka samaki yule akiuliza maswali mengi kuliko hakimu. Ilishikwa na nini? Na nani? Upande gani wa jiwe? Mwisho akakaa kwenye kinu akapumua.

"Hiyo haina shida," akasema. "Hiyo ni kama ya sokoni." Akatoa simu, uso umemlainika kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Omera, pumzika tu. Mathe amepata ningu. Ndiyo. Usisumbuke tena na safari."

Nilimsikia Zablon akicheka upande wa pili, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. Hata mimi nilicheka. Nilimchemsha samaki kwa nyanya na chumvi, bila mafuta, kama anavyompenda, nikamtoa miba midogo yote kwa vidole, na ningu ana miba mingi kuliko ndago shambani. Nilimkalisha mama, nikamwekea mto mgongoni, nikamwekea sahani mapajani. Sijui mara ya mwisho nilipojiona mtu wa maana kiasi kile.

Alinusa mvuke. Macho yakamng'aa.

"Zablon amefika saa ngapi? Sikusikia gari."

"Hakufika, mama. Sikiliza." Nikamweleza yote kwa fahari: geti, dimbwi, unyoya, koti la ningu. "Hakuna mgono uliowekwa. Kwa hiyo hakuna kosa. Chrispine ameshampigia Zablon, amemwambia asisumbuke."

Mama alimtazama samaki. Kisha akatazama nje, mwisho wa ua, kwenye ile nyumba yenye kufuli.

"Kwa hiyo haji," akasema.

Hakusema kwa hasira. Kidole chake kimoja kikagusa ukingo wa sahani na kuanza kuisukuma, polepole, ili nisikasirike.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona joto la aibu likinipanda mpaka masikioni. Mtu mzima huyu hakuwa na njaa ya ningu. Alijua kwamba katika dunia nzima kuna kazi moja tu ambayo Zablon hawezi kumtuma mtu, kazi ya kuweka jioni na kuinua asubuhi, kazi inayomlazimu kulala nyumbani kwa mama yake. Asingeweza kumwambia mwanawe njoo nikuone, nina hamu nawe. Wao hawasemi hivyo. Aliomba samaki. Nami, kwa akili yangu nyingi, nikamletea samaki.

"Mpe Robi," akasema. "Yeye bado anakua."

Nilikwenda nyuma ya jiko, chini ya ile migono mikavu, nikalia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko huzuni. Halafu nikampigia shemeji yangu mwenyewe.

"Mama amekataa ningu," nikasema.

"Si Chrispine alisema amepata?"

"Amekataa. Anataka wa mgono wako."

"Lakini shemeji, si mlisema geti ilifunguliwa? Bado kuna samaki kweli?"

"Hakuna."

Nikasikia mtu akimwita, na yeye asiitike.

"Sasa nije kuweka mgono ya nini?"

Ningeweza kumweleza. Nilikuwa na maneno, na mengine hayakuwa ya kumwambia shemeji. Lakini kama mama yake hakuyasema kwa mdomo wake, mimi ni nani?

"Njoo uweke, Zablon," nikasema. "Leta na ufunguo wa nyumba yako."

Alifika Jumapili, jua likiwa bado juu, amevaa viatu vya kanisani. Kufuli liligoma. Chrispine alilimwagia mafuta ya taa, wakasukumana nalo wakicheka, na kutoka kitandani mama akauliza ni kelele gani hiyo. Zablon akaingia. Sikuingia naye. Nilisikia tu akisema, "Mama," kisha kiti kikivutwa karibu na kitanda, nikaenda kuchanja kuni zisizohitajika.

Jioni akakunja suruali, akachukua mgono, akateremka mtoni. Mama akasema naye anakwenda. Tukambeba na kiti chake, Chrispine upande mmoja, mimi upande mwingine, mpaka ukingoni. Mto ulikuwa mwembamba, safi, unaonyesha kila jiwe. Hata mtoto angeona kwamba hakuna samaki. Zablon akaingia kwenye maji akiteleza, tumbo limemtangulia, akauegesha mgono kwenye pengo la kipande cha uzio ambacho Chrispine alikisimamisha kwa fito alizookoa.

"Mdomo!" mama akapiga kelele. Sikujua kwamba bado ana sauti ile. "Zablon! Mdomo utazame chini! Samaki anapanda, hashuki! Nani alikufundisha wewe?"

"Wewe, mama!"

"Basi nilifundisha jiwe!"

Akaugeuza. Mama akatikisa kichwa, akamwambia aongeze mawe, si pale, pale, na Zablon mwenye magunia na lori akaokota mawe kama alivyoambiwa, maji yakimwingia mifukoni. Usiku huo mama alikula ugali na osuga, ile mboga ya mnavu. Alikula akiongea, akimsuta Zablon kwa unene wake, na sahani ikaisha bila mimi kusema neno. Nikaichukua nikaiosha mara mbili, sijui kwa nini.

Asubuhi tulimbeba tena. Zablon akainua mgono. Ulichuruzika maji, na ndani kulikuwa na kaa mmoja na majani. Alikuja nao mpaka kwenye kiti, kichwa kimeinama, akamwonyesha mama yake kama mwanafunzi aliyefeli.

Mama akachungulia ndani kwa muda.

"Weka tena," akasema.

Zablon akanitazama. Nikatazama mto. Akageuka, akarudi majini na viatu vyake mkononi.

Simu yangu ikalia.

"Mama Robi, salama? Maji vipi leo?"

"Hayana kitu, Sharif," nikamwambia. "Usije. Sisi tunatega tu."